Mbuzi wako yuko karibu kuzaa: mwongozo kamili, kuanzia hesabu ya mimba mpaka kitoto kimenyonya

Mbuzi wengi huzaa wenyewe tu. Unaamka asubuhi unapata vitoto viwili vimekauka, vinatafuta chuchu, na mama anakuangalia kama mtu umechelewa kazini. Kwa hivyo usisome hii ukadhani kila mbuzi lazima aingizwe mkono, hapana. Hii ni ya yule mmoja anayekwama, na ni ya wale wengine pia wanaozaa vizuri kabisa halafu kitoto kinakufa kabla jua litoke, kwa sababu ya baridi ama hakikunyonya, na kusema ukweli hao wa pili ndio wananiuma zaidi kwa sababu kuwaokoa ni kitu rahisi. Kazi yako kubwa usiku huo ni kushika saa. Ujue saa ya kutulia, saa ya kuosha mikono, na saa ya kupigia daktari simu.

HESABU TAREHE KWANZA

Mimba ya mbuzi ni siku 150, miezi mitano hivi, ikipungua ni 145 na ikizidi ni 155. Shida yetu wengi, hasa huku western Kenya ambako mbuzi anafungwa kamba kando ya barabara, ni kwamba beberu anatoka kwa jirani anamaliza kazi anaenda zake na hakuna mtu aliandika chochote. Ukimwona akipandwa andika, hata kama ni kwa kalenda ya ukutani ama kwa simu. Mfano alipandwa tarehe 10 Novemba, ongeza siku 150 unafika 9 Aprili, na hapo hapo umeona shida nyingine, juu Aprili ni masika, kama uko Molo ama Njoro hicho kitoto kinakuja kwa baridi na matope na kama uko upande wa Nyando hiyo ndiyo miezi maji yanaweza kuingia mpaka bomani. Mahali pa kuzalia patafutwe mapema, si siku ile ya uchungu.

Na tukiwa bado kwa beberu: usichukue kambuzi kadogo ka kienyeji ambako hakajawahi kuzaa ukapeleka kwa Boer mkubwa ati unataka watoto wa nyama. Watoto watakuwa wakubwa na mlango utakuwa mdogo, na hapo mwongozo wowote hautakusaidia sana. Ngoja mbuzi afike angalau asilimia 60 mpaka 70 ya uzito wa mbuzi mzima wa aina yake ndio umpandishe mara ya kwanza.

MIEZI MIWILI YA MWISHO

Kama ni wa maziwa, Toggenburg, Alpine na hao wengine, acha kumkamua miezi miwili kabla ya kuzaa ili mwili upumzike na dang'a, yale maziwa ya kwanza, itengenezwe. Wiki sita za mwisho ndio vitoto vinakua kwa kasi sana tumboni, vinabana tumbo la chakula, kwa hivyo mama anahitaji chakula kizuri zaidi lakini nafasi ya kukiweka imepungua. Mwongezee chakula cha dukani pole pole, anza na mkono mmoja uende ukiongeza mpaka kama nusu kilo kwa siku ukigawa asubuhi na jioni, lakini majani na nyasi ndio msingi. Ukimrundikia mahindi kwa siku moja utamuua na tumbo. Chumvi ya madini isikose na maji yasikose.

Hapa kuna ugonjwa mmoja lazima uujue: mbuzi mwenye mapacha, wiki chache kabla ya kuzaa, anaanza kukataa chakula, anabaki nyuma ya wengine, anasaga meno, anasimama akiangalia ukuta, saa zingine pumzi inanuka utamu utamu. Huyo hajachoka, huyo sukari ya mwili imeisha na anaanza kuyeyusha mafuta yake mwenyewe, na inapata mbuzi aliyekonda na hata aliyenona kupita kiasi. Akilala chini asiinuke uwezekano wa kumpoteza ni mkubwa. Daktari aitwe siku hiyo hiyo, usiseme tungoje kesho.

Wiki nne kabla ya kuzaa uliza daktari wako kuhusu chanjo ya pepopunda na ile ya sumu ya tumbo, kwa sababu kinga hiyo inapita kwa dang'a inaenda kwa kitoto. Ukichanja siku ya kuzaa umechelewa.

VITU VYA KUWEKA TAYARI

Weka vyote kwa ndoo moja yenye kifuniko, uitundike. Sabuni, glavu ndefu ama zile fupi za hospitali, mafuta ya kulainisha (jeli ya duka la dawa ni nzuri, ikikosa mafuta safi ya kupikia ama sabuni laini ya maji), ayodini, wembe mpya, uzi uliolowekwa kwa spiriti, matambara makavu ya kutosha, themomita, chupa ya soda na chuchu yake ya mpira, tochi yenye chaji. Tochi ya simu ni sawa lakini utakuwa unataka kupiga simu na hiyo hiyo simu, na stima najua unajua tabia yake mvua ikinyesha.

Namba ya daktari wa mifugo iwe kwa simu kabla ya siku hiyo, na umuulize wazi kama yeye hutoka usiku. Kenya sheria ya 2011 inataka mtu anayetibu mifugo awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, kwa hivyo si vibaya kumuuliza namba ya usajili, mtu wa haki hakasiriki.

Chumba cha kuzalia kiwe kikavu, kisicho na upepo wa chini, nyasi kavu nyingi ama maranda, na kiwe mahali mbwa hawafiki. Kama boma lako ni lile la mbao lililoinuliwa juu na sakafu ina nafasi katikati ya mbao, funika na gunia na nyasi, mguu wa kitoto unapita hapo na kuvunjika ukiangalia hivi. Kisumu na Ahero joto si shida ila nzi, kwa hivyo kule usafi na ayodini ya kitovu ndio vita. Molo mwezi wa saba, baridi ndio vita.

DALILI

Kiwele kinajaa, kwa wengine wiki mbili kabla na kwa wengine siku ile ile, kwa hivyo kiwele peke yake kisikudanganye, mpaka uone kimekazana kinang'aa na chuchu zimesimama pembeni. Ya uhakika zaidi ni kano za kando ya mkia. Weka kidole gumba upande mmoja wa mkia na cha shahada upande mwingine, pale juu ya matako, ushuke ukibonyeza pole. Siku za kawaida utasikia kamba mbili ngumu, nyembamba kama penseli, zinaenda upande wa mifupa ya kukalia. Fanya hivyo kila jioni wiki ya mwisho. Siku utabonyeza usizipate kabisa, vidole vinakaribia kukutana chini ya mkia na hapo pamekuwa laini na pameingia ndani, mara nyingi atazaa ndani ya saa 24. Fanya mazoezi kwa mbuzi ambaye hana mimba ndio ujue ngumu inakuwaje.

Halafu anajitenga, anakwaruza chini na kwato, analala anaamka anageuka kujiangalia nyuma, anaongea na tumbo lake kwa sauti ya chini ile ya kuita mtoto. Ute mweupe mzito unaweza kuonekana hata siku kadhaa kabla, lakini ukiona ute mrefu wa rangi ya asali unaning'inia, ni masaa. Ute wa kahawia ama damu wenye harufu mbaya si wa kungoja, piga simu.

SASA SAA INAANZA

Mlango wa uzazi unafunguka pole pole na hii hatua inachukua mpaka saa 12 kwa yule wa kwanza kuzaa, kwa mzoefu ni saa chache. Haonyeshi mengi, ni ile kuhangaika tu. Usimguse. Watu kumi wakisimama hapo na tochi anazuia uchungu, kwa hivyo fukuza watoto, fukuza jirani, kaa pembeni na chai yako.

Akianza kusukuma kwa nguvu kabisa, amelala chini, miguu imenyooka, anapiga kelele ama anasaga meno, ANDIKA SAA. Kwa kiganja, kwa simu, popote. Dakika 30 za kusukuma kwa nguvu hivyo bila kuonekana kitu chochote ndio mpaka wako. Ukikadiria kwa kichwa dakika kumi zitaonekana saa nzima na utaingiza mkono bure, ama kinyume chake utasinzia.

Kawaida chupa inatokea kwanza, ule mfuko wa maji, saa zingine inapasuka ndani hauioni. Usiipasue wewe. Baada ya hapo angalia kinachokuja: kwato mbili ndogo, zimefunikwa na kitu cheupe laini kama mpira, nyayo zimeangalia chini, na juu ya hizo kwato kuna pua, saa zingine ncha ya ulimi. Hiyo ndiyo sawa kabisa. Kichwa kikitoka mama hupumzika kidogo, halafu mabega, halafu mwili wote unateleza mara moja. Kutoka chupa mpaka kitoto kawaida ni chini ya saa moja.

Kama kwato na pua zimeonekana na anasukuma lakini haisongi, unaweza kusaidia: shika miguu yote miwili juu ya kile kifundo na tambara kavu, mguu mmoja utangulie mwingine kidogo ili mabega yapite moja moja, na uvute WAKATI ANASUKUMA PEKE YAKE, ukielekeza nje na chini upande wa visigino vyake. Akipumzika, pumzika. Paka mafuta pale kando ya kichwa. Nguvu yako ni ya mtu mmoja, mikono miwili. Nikisikia mahali vijana watatu walivuta mbuzi na kamba najua nusu ya hadithi bila kuambiwa.

Kwato mbili zikija nyayo zikiangalia juu, inaweza kuwa ni miguu ya nyuma. Usishtuke, vitoto vingi vinazaliwa hivyo, hasa mapacha. Hakikisha kwa viungo: mguu wa mbele, kifundo na goti vinakunja upande mmoja, lakini mguu wa nyuma kifundo kinakunja huku na kisigino kinakunja kule. Kama ni wa nyuma acha mama asukume, ila nyonga zikishatoka usichelewe, vuta moja kwa moja kwa mwendo thabiti, kwa sababu kitovu kimebanwa na kichwa bado kiko kwa maji, akivuta pumzi humo anakunywa maji.

MKONO UNAINGIA LINI

Dakika 30 za nguvu bila kitu. Chupa imepasuka saa nzima na kimya. Mguu mmoja tu na pua. Kichwa bila mguu wowote. Miguu miwili ya mbele bila pua. Mkia peke yake. Ama kitoto cha kwanza kimetoka na anasukuma tena dakika 30 na hakuna cha pili. Nje ya hizo acha mkono mfukoni.

Mwenye mkono mdogo ndiye aingie, mara nyingi ni mama wa nyumba ama msichana mkubwa, lakini mwenye mimba ASIGUSE, nitasema kwa nini huko chini. Kata kucha, toa pete na saa, osha mpaka kiwiko na sabuni, osha na mbuzi nyuma pia, vaa glavu, paka mafuta mengi kuliko unavyodhani. Kusanya vidole pamoja viwe ncha, ingia pole kati ya uchungu mmoja na mwingine. Akisukuma, simamisha mkono hapo hapo usishindane naye.

Kitu cha kwanza ni kujua mlango umefunguka. Kama vidole viwili tu ndio vinapita na unasikia duara ngumu kama pete, mlango haujafunguka, toa mkono. Ngoja kidogo, na kama amesukuma muda wote huo na pete bado iko, huyo ni wa daktari, pengine wa upasuaji. Usipanue kwa nguvu, unapasuka.

Ukiwa umepita, funga macho. Ni kweli, funga macho, vidole vinaona vizuri zaidi hivyo. Tafuta mguu, ufuate mpaka bega, toka bega nenda mguu wa pili, halafu shingo, halafu kichwa. Usivute chochote kabla hujajua ni vya kitoto kimoja, kwa sababu mapacha hushikana na unaweza kuwa umeshika mguu wa huyu na mguu wa yule, ukivuta unawafunga wote wawili mlangoni.

Mguu mmoja umebaki nyuma: sukuma kitoto ndani kidogo, mama akiwa hasukumi, ufuate mguu mpaka kwato, ifunike kwato yote na kiganja chako halafu ulete mbele. Kufunika kwato si mapambo, ile ncha inaweza kutoboa tumbo la uzazi na hapo umempoteza mama. Kitoto kidogo saa zingine kinatoka hata na mguu mmoja nyuma, mama mkubwa, njia pana, sawa.

Kichwa kimegeuka nyuma ndio kigumu. Unapata miguu miwili safi lakini hakuna pua, na ukivuta miguu kichwa kinazidi kugeuka. Kwa hivyo usivute. Rudisha kitoto ndani kwa kusukuma kifua, teleza mkono ukifuata shingo mpaka upate mdomo ama mashimo ya macho, leta pua mbele kwa vidole ukiikinga na kiganja kwa sababu ya meno. Taya la chini usilivute, linavunjika.

Mkia peke yake, maana yake ametanguliza matako na miguu imekunjwa chini yake. Hapa mama mara nyingi hasukumi kwa nguvu, yuko tu hajisikii vizuri, na watu wanangoja mpaka kesho. Sukuma matako mbele, tafuta kisigino, kikunje, funika kwato, lete mguu nje, halafu wa pili, umtoe kwa miguu ya nyuma kama nilivyosema.

Umejaribu dakika 15 mpaka 20 na hakuna kitu kimebadilika? Toa mkono, piga simu. Mbuzi amebaki na nguvu daktari ana kitu cha kufanyia kazi, lakini akiletewa mbuzi aliyevutwa tangu jioni, amevimba, amekauka, hata upasuaji unakuwa wa kubahatisha. Na kama kuna harufu ya kuoza ama nywele zinabaki kwa mkono, kitoto kilikufa zamani, acha daktari atoe.

Ile sindano ya uchungu. Kuna watu wa agroveti watakupatia kwa simu tu bila kumwona mbuzi, ati mpige hii atasukuma. Kitoto kikiwa kimekaa vibaya ama mlango umefungwa, hiyo sindano inafanya tumbo lisukume ukuta, na tumbo linapasuka. Hiyo ni dawa ya mtu ambaye mkono wake umeshaingia na anajua kuna nini mbele. Kwa hilo sina maneno ya upole.

KITOTO KIMETOKA

Toa ute puani na mdomoni kwa vidole, kamua pua kutoka juu kwenda chini. Kilaze kwa kifua, miguu imekunjwa kila upande, si kwa ubavu, mapafu yote mawili yafunguke. Kisugue na tambara ama nyasi, kwa nguvu, mbavuni. Kama hakivuti pumzi ingiza unyasi mkavu puani kipige chafya, kimwagie maji baridi kidogo sikioni. Ile ya kushika miguu ya nyuma na kuzungusha kama wengi wanavyofanya mimi siipendi, maji mengi yanayotoka hapo ni ya tumboni na unakichosha.

Kikipumua kiweke mbele ya mdomo wa mama mara moja akilambe. Hapo ndio wanajuana kwa harufu. Usikioshe na maji, hata kama ni kichafu namna gani.

Kitovu hukatika chenyewe. Kikibaki kirefu kinaburuta, funga na uzi na ukate kwa wembe mpya ubakishe kama sentimita tano, halafu chovya chote kwa ayodini, uchovye kabisa mpaka kwa ngozi ya tumbo, si kupaka juu juu, na urudie jioni. Ayodini kali ya asilimia 7 ndiyo nzuri, ikikosa ile ya kahawia ya vidonda ni bora kuliko bure. Majivu, mavi ya ng'ombe, udongo wa ukuta, hapana, hapo ndio pepopunda inaingilia.

DANG'A NDANI YA SAA MOJA

Kitoto cha mbuzi kinazaliwa bila kinga, kinga yote iko kwa dang'a, ile ya kwanza nzito ya manjano. Na tumbo lake linapitisha hiyo kinga kwa damu masaa ya kwanza tu, linaendelea kufunga, saa 24 zikifika limefunga. Kwa hivyo saa ya kwanza ndio bora, na saa sita ndio mwisho wa kuvumilia. Wale wanaomwaga dang'a ati ni chafu wanamwaga dawa.

Kamua chuchu zote mbili mara moja mbili, chini kuna kizibo kama nta, kitoto dhaifu hakiwezi kukitoa. Halafu elekeza mdomo. Kinachonyonya vizuri mkia unatikisika na tumbo linajaa, utalisikia kwa vidole. Kama ni kidhaifu kamua upime: kila kilo moja ya uzito ipate kama mililita 50 kwa mlo, kwa hivyo cha kilo tatu ni mililita 150, yaani nusu ya chupa ndogo ya soda, na urudie mara tatu nne siku hiyo ya kwanza. Mama akifa ama akikosa maziwa, omba dang'a ya mbuzi wa jirani mwenye afya, ama ya ng'ombe aliyezaa jana. Ukiwa na friza weka yako kwa vichupa uigandishe, na siku ya kuitumia iyeyushe kwa maji ya moto kiasi, usichemshe, ukichemsha inaganda kama yai na kinga inakufa.

Kidole kiingie mdomoni mwa kila kitoto. Mdomo baridi ni hatari. Kawaida mwili ni kama nyuzi 38.5 mpaka 39.5, chini ya 37 usimwagie maziwa mdomoni, hawezi kumeza vizuri na yanaingia mapafuni. Kikaushe kabisa, kifunge kwa sweta kuukuu, weka chupa za maji ya moto zilizozungushiwa tambara huku na huku, kaa nacho karibu na jiko kama moshi si mwingi, pima tena, kikianza kuinua kichwa na kunyonya kidole ndio ukipe dang'a. Kama kimezaliwa jana na kimelegea kabisa hakina fahamu, hicho kinahitaji sukari ya sindano kabla ya joto, mwite daktari.

RUDI KWA MAMA

Usifunge mlango ukaenda kulala kabla ya kujua kama kuna kingine. Simama nyuma yake, pitisha mikono chini ya tumbo mbele ya kiwele, inua haraka halafu uachie. Kitoto kikiwepo utasikia kitu kigumu kikigonga. Bila kitoto ni kulegea tu. Mapacha kawaida hufuatana ndani ya nusu saa.

Mpe maji ya vuguvugu mengi na molasi kidogo, atakunywa vibaya sana, muache.

Kondo la nyuma linatoka ndani ya masaa machache. Linaning'inia, USIVUTE, hata ufunge tambara juu yake usifunge jiwe, unararua na damu inatoka ndani. Saa 12 zikipita bado, daktari. Likitoka litoe bomani, chimba shimo refu, tupia chokaa kama unayo, mbwa wasifukue. Na hapa ndio ile ya mwenye mimba: maji ya uzazi na kondo la mbuzi vinaweza kubeba brusela, homa ya Q na toksoplazma, magonjwa ambayo yanaweza kutoa mimba ya mtu ama kukulaza na homa miezi. Glavu, sabuni, na mbuzi aliyetupa mimba kondo lake ushughulike nalo kwa uangalifu mara mbili. Maziwa yake yachemshwe.

Kama kitu chekundu kikubwa kimetoka nyuma baada ya kuzaa, kina vifundo vifundo kama vifungo, hilo ni tumbo la uzazi lenyewe. Lifunike na shuka safi iliyoloweshwa maji safi, mzuie asisimame kulikanyaga, na daktari aje na boda sasa hivi.

Mama wa kwanza saa zingine anakataa kitoto, anakipiga kichwa. Mpake kitoto maji ya uzazi yaliyobaki mgongoni na mkiani, mfunge mama kamba fupi, shika mguu kinyonye mara nne tano kwa siku, wengi wanakubali ndani ya siku chache.

SIKU ZINAZOFUATA

Damu ya kahawia kidogo kidogo wiki mbili tatu ni kawaida, ikinuka ama mama ana homa ama amekataa chakula si kawaida. Mbuzi wa maziwa mengi akianza kuyumba, masikio baridi, ameshindwa kusimama siku ya kwanza ama ya pili, kalsiamu imeshuka, hiyo daktari anaitibu na mara nyingi anainuka haraka. Bonyeza kiwele kila siku, upande mmoja ukiwa moto na mgumu na maziwa yana mabonge, shughulika. Kama mkono uliingia ndani, mwambie daktari aamue kuhusu antibayotiki, na uulize maziwa yasinywewe siku ngapi.

Kwa kitoto angalia mavi ya kwanza meusi ya kunata yametoka, yasipotoka paka mafuta kidogo njiani, na manjano yakifuata ujue maziwa yanafika. Nyuma pakigandiana osha na maji ya vuguvugu.

Halafu rudi kwa ile kalenda uandike: tarehe, beberu gani, vitoto vingapi, alisaidiwa ama la, kama uke ulikuwa unatoka nje kabla ya kuzaa. Hii ya mwisho hujirudia mimba inayofuata na mabinti wanaweza kuirithi, kwa hivyo huyo akimaliza kunyonyesha mnenepeshe umpeleke soko, na usibakishe mtoto wake wa kike wa kuzalisha.